Anti Kamera anajibu: Nguo za mama, shangazi, na mpiga picha wa Japani

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za Ishiuchi Miyako, yule mama wa Kijapani aliyepiga picha vitu vya mama yake mzazi baada ya kufariki, alafu nikaendelea zangu na mambo ya fleshi kwenye ukumbi wa harusi. Basi meseji zimejaa. Wengine wanashangaa, wengine wananisema nimeleta uchuro kwenye gazeti. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa huyo mama, wa maswali ya harusi wanivumilie.

Anti Kamera shikamoo. Mama yetu kafariki mwezi wa pili, arobaini ilishapita ila nguo hazijagawiwa kwa sababu shangazi mkubwa alikuwa anaumwa. Sasa kapona na wiki ijayo wanakuja kugawa kanga, vitenge, viatu mpaka mabeseni. Sitaki kugombana na mtu, wachukue, ila niliposoma habari za yule Mjapani nikatamani nipige picha kila kitu kabla hakijaondoka. Dada yangu anasema picha za nguo za marehemu zinaleta mikosi, na shangazi atasema nahesabu mali. Nifanyeje? Na nikipiga napigaje, nina simu tu. (Binti wa Mtoni kwa Aziz Ali)

Marahaba mwanangu, pole sana, Mungu amrehemu mama.

La mikosi nakuachia wewe na dada yako mmalizane. La shangazi ndo lina maana, na hapohapo Ishiuchi anatusaidia. Kuna picha ya kuhesabu mali na kuna picha ya mtu. Ukitandaza doti zote kwenye mkeka ukapanda kwenye stuli ukapiga moja ya juu, shangazi akiiona atajua unaandaa kesi na mi ningemuunga mkono. Huyu mama hapigi hivo. Anachukua kitu kimoja, kiwe kiatu, kiwe chanuo, anakikalisha kama mteja kaja studio, anakitazama weee mpaka kitoe sura yake, ndo anapiga. Kinachofuata nacho kinasubiri zamu yake.

Ngoja nikupe stori yenyewe maana bila stori picha zile utaziona za kawaida. Ishiuchi kazaliwa 1947 mji wa Kiryu, mkoa wa Gunma, mji wa wafumaji wa hariri. Akiwa na miaka sita familia ikahamia Yokosuka, penye kambi kubwa ya wanamaji wa Kimarekani, wakakaa kwenye kinyumba kidogo cha kupanga. Mama yake alikuwa mwanamke wa shoka, kazaliwa 1916, kachukua leseni ya udereva ana miaka 18, akaenda kufanya kazi ya udereva huko Manchuria, kaskazini mashariki ya China, enzi hizo iko chini ya Wajapani, na baadae Yokosuka akawa anaendesha malori ya kambi. Hebu fikiria miaka hiyo. Hata leo barabara ya Mandela mama akionekana kwenye usukani wa fuso makonda wote wanageuza shingo.

Sasa binti alipoanza kuonyesha picha zake 1975 hakutumia jina lake, alitumia jina la mama yake la kabla ya kuolewa, lote, la ukoo na la kwake. Na wakati huohuo yeye na mama mwenyewe hawaivi! Wameishi hivohivo miaka na miaka, mpaka baba alipofariki 1995 wakabaki wawili wanatazamana. Mama alikuwa na makovu makubwa ya kuunguzwa na mafuta ya kupikia. Mwaka 2000 binti akamwomba ampige picha yale makovu, na mama akakubali, na kabla mwaka haujaisha mama akafa. Miaka 84.

Ndo akabaki na droo. Nguo za juu utampa jirani, utampa binamu, lakini gagulo la marehemu unampa nani, sidiria, meno ya bandia, lipstiki iliyotumika nusu? Kutupa hawezi, kugawa haiwezekani, akaanza kuvipiga picha. Nguo za ndani zile nyepesi alizipiga mwanga wa dirisha ukiwa nyuma yake, unapenya kwenye kitambaa mpaka unaona kila mshono, na zimekaa umbo la mwenyewe kama vile kazivua asubuhi ile. Miaka yote kabla ya hapo alikuwa mtu wa picha nyeusi na nyeupe, tena zenye chenga nene, ila alipofika kwenye lipstiki ikamshinda, lipstiki bila rangi unapiga nini sasa, akaingia kwenye picha za rangi. Mkusanyo huo anauita Mother's, na mwaka 2005 ndo Japani ikamsimamisha nao kwenye banda lake la maonyesho ya Venice, Italia.

Sasa twende kwa mama yako. Usifue, usipige pasi. Mkunjo wa kanga aliyoifunga kiunoni kila siku ndo unaoutafuta, pamoja na kola iliyopauka, doa la mafuta, na ile sehemu aliyoshona kwa uzi wa rangi nyingine kwa sababu uzi wa rangi yenyewe uliisha. Tafuta dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, tundika shuka jeupe nyuma au tandika chini, piga asubuhi kabla ya saa nne maana jua la Dar likishapanda kila kitu kinakuwa cheupe tu na kivuli cheusi. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini (watu hawafuti, alafu wanalaumu simu), zima fleshi, usiweke filta, gusa skrini pale kwenye kitu chenyewe kisha vuta mwanga ushuke kidogo mpaka nyuzi zionekane. Kanga nyepesi itundike dirishani mwanga uje kwa nyuma, na jina lake lisomeke. Viatu piga kwa juu vimekaa pamoja, alafu kimoja soli yake, maana soli inaonyesha mtu alikanyagaje.

Shangazi usimfanyie kwa siri. Mpigie leo, mwambie shangazi naomba uje siku moja kabla ya wengine, nataka kupiga nguo za mama picha na sijui ipi aliivaa lini. Mama wa Kiswahili ukimwomba akumbuke hakatai. Atakaa hapo akuambie hii alinunua Kariakoo na mimi siku tuna ugomvi, hii alivaa kwenye ngoma ya nani, na wewe rekodi sauti yake. Hapo hakuna tena anayehesabu mali.

Nguo za ndani ukitaka piga, ni mama yako, ila zibaki kwako. Ishiuchi zake kaziweka hadharani na mi nampongeza, ila ukizirusha za mama yako Instagramu hata mimi ntapanda daladala mpaka Mtoni nije na mwiko.

Habari ya kazi Anti. Niko chuo Mlimani, nimeangalia picha zake za Hiroshima. Kuna magauni ya maua yamechanika na kuungua lakini yanang'aa, mazuri kabisa, unaweza ukasema tangazo la fasheni. Bomu limeua watu kwa maelfu alafu yeye anapendezesha. Hiyo si dharau kwa waliokufa? (Mwanafunzi wa historia)

Salama mwanangu, na swali lako ni zito, huko Japani kwenyewe wameliuliza.

Bomu la nyuklia liliangushwa tarehe 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi, na mpaka mwaka ule unaisha waliokufa Hiroshima wanakadiriwa 140,000. Makumbusho ya amani ya pale yana vitu vya wahanga, na wakati Ishiuchi anaenda mwaka 2007, baada ya kuombwa na wachapishaji wa kitabu, vilikuwa kama 19,000. Kitabu kikatoka 2008. Humo ndani kachagua zaidi vile vilivyogusa ngozi ya mtu, na vingi ni vya wanawake na wasichana, yaani blauzi, gauni, soksi, glovu. Nguo nyingine kaziweka juu ya meza yenye taa chini yake, mwanga unapenya, na kamera ni ndogo tu ya mkononi.

Wapiga picha wengine wa Kijapani walishapita njia hiyo. Domon Ken alitoa kitabu chake cha Hiroshima 1958, kikali, watu wenyewe na majeraha yao. Tsuchida Hiromi alipiga vitu vya makumbusho kwa rangi nyeusi na nyeupe, kila kitu na maelezo pembeni, cha nani, alikuwa wapi, alikufaje. Hizo ni picha za ushahidi, ukizileta mahakamani zinasimama. Kwa muda mrefu Hiroshima yote kichwani kwa watu ilikuwa nyeusi na nyeupe namna hiyo.

Ishiuchi akakuta rangi. Na we kama mtu wa historia unajua Japani ya vita ilikuwa imepiga vita anasa, wanawake wanahimizwa wavae monpe, ile suruali pana ya shamba, lakini kwenye yale makabati ya makumbusho kuna gauni la maua, kuna vifungo vilivyochaguliwa, kuna kola imeshonwa kwa mkono na mtu aliyejua anachofanya. Huyu msichana kabla ya kuwa mhanga alikuwa anapenda nguo. Alisimama mbele ya kioo. Ukimpiga picha kama ushahidi tu unakuwa unamjua kwa kitu kimoja, kwa kile alichofanyiwa, na kile alichokipenda mwenyewe kinapotea. Mi naona hapo Ishiuchi kamheshimu kuliko wengi.

Lakini sikatai hoja yako yote. Picha ile ikiwa imetundikwa peke yake ukutani, kubwa, bila maelezo, mtu anaweza kupita akasema waoh gauni zuri akaenda zake kunywa kahawa, na hiyo ni hasara ya kweli kwa sababu bomu lile halikuwa janga la asili, kuna watu waliamua. Kwa hiyo usimsome peke yake, soma na Tsuchida, soma na Domon. Na jambo jingine ambalo wengi hawalijui, kazi yake haikuishia kwenye kile kitabu. Amekuwa akirudi Hiroshima mwaka hadi mwaka kwa sababu vitu vinaendelea kuja, wazee walionusurika wanafariki, familia zinafungua masanduku, zinapeleka makumbusho, naye anaenda kupiga vilivyoingia. Mtu wa fasheni msimu ukiisha keshahama.

Anti mambo, huyo bibi anatumia kamera gani na kasomea wapi? Nataka kukopa nichukue kamera kubwa. (Dogo wa Kigogo)

Poa, ila ungeanza na shikamoo.

Usikope. Kwenye picha hajasomea popote. Chuoni alienda, Tama Art University, Tokyo, kusoma mambo ya vitambaa, na hakumaliza. Vifaa vya picha aliachiwa na rafiki. Alipoingia chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, akajikuta nyumbani kwa sababu ni yaleyale ya kutia rangi vitambaa, maji, madawa, kusubiri. Kamera yake ni ndogo ya mkanda wa milimita 35, anaishika mkononi bila stendi, mara nyingi kwa mwanga wa jua.

Hela za kuchapisha zile picha za mwanzo alipewa na baba yake, hela ambazo mzee alikuwa kaziweka kwa ajili ya harusi yake. Baba wa namna hiyo sijui wanauzwa duka gani. Na hela ile ikalipa, maana 1977 akafanya maonyesho ya Yokosuka Story, picha za ule mji wa kambi alikokulia na ambao alikuwa haupendi hata kidogo, mji wenye mtaa wa Dobuita wa mabaa ya wanajeshi, mtaa ambao wasichana wa pale walikuwa wanaogopa kupita. Badala ya kuukimbia mji ule akaurudia na kamera. Kisha Apartment, vinyumba vya kupanga vilivyochakaa, kuta zimemenyuka rangi, na hiyo ikampa tuzo ya Kimura Ihei, tuzo kubwa ya picha huko Japani, mwaka 1979, mwanamke wa kwanza kuipata. Baada ya hapo akaingia kwenye majengo yaliyokuwa madanguro, hiyo ni Endless Night ya 1981. We hapo Kigogo una kuta ngapi zenye stori, na simu unayo mkononi?

Habari yako dada. Mke wangu aliungua na uji wa moto utotoni, ana makovu mkononi mpaka shingoni. Binti yetu anasoma mambo ya sanaa na anataka kumpiga mama yake picha za makovu apeleke kwenye maonyesho ya chuo. Mke wangu kakubali, mimi ndiye nimekataa, naona ni kumdhalilisha. Nisaidie kuwashawishi. (Baba wa Magomeni Mapipa)

Salama kaka yangu, na nakuelewa unamlinda. Ila kuwashawishi sitakusaidia.

Ishiuchi alipogonga miaka 40 alianza kupiga mikono na miguu ya wanawake waliozaliwa mwaka mmoja na yeye. Kitabu kinaitwa 1·9·4·7, kimetoka 1990. Ni viganja, nyayo, visigino vilivyopasuka, kucha, basi. Wanawake wa kawaida wa miaka 40. Kuanzia 1991 akahamia kwenye makovu. Na jinsi anavoyapiga ndo nataka binti yako ajue. Anasogea karibu sana mpaka kovu linajaza picha, uso wa mwenye kovu huuoni, na maelezo anayoweka ni machache mno, ajali au ugonjwa, na mwaka. Hasemi huyu maskini aliteseka hivi na hivi. Unabaki na ngozi iliyofungwa ikapona, na mwaka ilipotokea.

Hilo ndo suala kwako, siyo kupigwa au kutopigwa. Akipigwa uso mzima anatazama chini, taa kali ya pembeni, kichwa cha habari cha kuhurumiwa, hapo nakubaliana nawe kabisa kuwa kadhalilishwa hata kama kakubali mwenyewe. Kwa hiyo weka masharti kama familia, tena wanaoyaweka ni mkeo na bintiyo, we kaa pembeni na kahawa yako. Mkeo azione picha zote kabla hazijatoka. Aseme ipi iende ipi ibaki. Akibadili mawazo siku moja kabla ya maonyesho, inatolewa, chuo watajua la kufanya. Kovu ni la kwake kaka, kaishi nalo kabla hajakujua.

Maswali ya harakaharaka

*Yupo hai?* Yupo, na bado anafanya kazi. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Hasselblad ya Uswidi, ambayo kwa wapiga picha ni kubwa mno, na 2024 alikuwa Arles, Ufaransa, akapewa tuzo ya wanawake kwenye tamasha la picha la pale. Kaishi Yokohama miaka mingi, sasa karudi Kiryu alikozaliwa.

*Ni kweli alipiga nguo za Frida Kahlo?* Kweli. Frida, yule mchoraji wa Meksiko mwenye nyusi zilizoungana, alifariki 1954, na mumewe Diego Rivera akaagiza vitu vyake vifungiwe ndani ya nyumba yao ya buluu, kuja kufunguliwa ni 2004. Mwaka 2012 Ishiuchi akaalikwa kuvipiga, magauni, korseti za kushikilia mgongo maana Frida alivunjwavunjwa na ajali ya basi 1925, na viatu ambavyo kimoja soli yake ni nene kuliko kingine kwa sababu polio ilimfupisha mguu wa kulia. Nilidhani atanichosha na mtu maarufu, lakini kaangalia soli tu, akatoka.

*Nikimtafuta mtandaoni naandikaje?* Ishiuchi Miyako au Miyako Ishiuchi, yote yanakupeleka kwake. Ishiuchi ni la ukoo, Wajapani wanalitanguliza.

*Picha zikishapigwa zikae wapi, simu yangu imejaa?* Zichapishe. Studio za Kariakoo zinasafisha picha ndogo kwa bei ya nauli, chagua karatasi isiyong'aa, na nyuma andika kwa penseli, siyo kwa kalamu ya wino maana wino unapenya kwenye unyevunyevu wetu huu. Andika kitu ni cha nani, shangazi alisema nini, na nani kakichukua siku ya kugawa. Alafu nakala moja mpe yeye aliyekichukua.